Masolo ya Mwezi: "Mko bazima?"

Kama kawaida yetu, tunawaletea masolo: yale mambo watu wanaongea kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwenye foleni ya maji, ao jioni wakingoja ugali uive.

Mwezi huu tulishuka Mbugangari, mtaa wa Gisenyi ulio jirani na mpaka wa Goma. Hatukuwa tumekaa hata dakika kumi, simu ya mwenzetu ikalia. Meseji: karibu Kongo! Tukaangaliana. Sisi tuko Rwanda, tumekaa kwenye benchi, hatujainuka. Mtoto aliyekuwa karibu akauliza: "Simu yenu imevuka bila karatasi?" Watu wote wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini si sana. Mkimbizi anajua maana ya karatasi.

Bon, jibu la yule mtoto ni hili. Simu inatafuta mnara. Sauti ya mnara inaenda hewani kama moshi wa makala, haioni barrière wala askari. Kwa mitambo ya zamani ya GSM, mnara unaweza kufika mpaka kilomita 35 kama hakuna mlima wa kuzuia. Goma na Gisenyi zimeshikana, kwa hiyo simu inakamata minara ya pande zote mbili. Kadi yako ikikamatwa na mnara wa nchi nyingine, inahesabiwa kama iko safarini, na unite zinaweza kuisha haraka. Ukifika pale, ingia ndani ya simu, chagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono, ufunge ule wa kusafiri. Hilo la kwanza.

La pili ndilo lilitukalisha mpaka jioni. Mama mmoja anayeuza sambaza alisikia tunaongea minara, akasema: "Mnakumbuka Januari ya 2019? Vijana wa Goma walikuwa wanakuja huku kutafuta intaneti kama watu wanaotafuta maji."

Tunakumbuka. Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura ya rais. Beni na Butembo hawakupiga siku ile. Kura yao iliahirishwa mpaka Machi 2019, tume ya uchaguzi ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikafungwa nchi nzima. Meseji za kawaida nazo zikafungwa. Mshauri mmoja wa rais alieleza kwamba ni kwa kuzuia matokeo ya uongo yasisambae kabla ya tume kutangaza. Tume ilitangaza matokeo ya muda tarehe 10 Januari, lakini mtandao haukurudi siku ile. Ulirudi karibu na tarehe 20. Ni wiki karibu tatu.

Wengi wanadhani kuna mtu anapanda juu kukata waya. Hapana. Serikali inaagiza kampuni za simu, nazo zinafunga mlango wa intaneti ndani ya mitambo yao. Mnara unabaki umesimama, simu inaonyesha alama zake zote, lakini picha haiendi na meseji haiendi. Kupiga simu kwa sauti kulibaki, lakini kwa bei ya unite, na mwenye jamaa Ulaya ao Marekani anajua bei hiyo. Minara ya Gisenyi ni ya kampuni za Rwanda, amri ya Kinshasa haiigusi. Ndiyo maana watu walinunua kadi za Rwanda, wengine wakavuka kabisa.

Tukamuuliza yule mama: vijana walikuwa wanasoma nini? Siasa? Akasema: "Siasa ilikuja nyuma. Kwanza kila mmoja aliandika neno moja: Mko bazima? Halafu anangoja. Jibu likija, Tuko bazima, ndipo anapumua. Ndipo anauliza nani ameshinda."

Ndugu zetu, neno hilo lilitushika. Maana tunasemwa kila siku. Wazee wanasema vijana wanachoma mega kwa upuuzi: umekula nini, mvua imenyesha, mbuzi amezaa, timu gani imefunga, mbona simu yangu inakula moto. Hata sisi kwenye ukurasa huu tumeshaandika hivyo zaidi ya mara moja. Leo tunajirudi. Anayekuambia mbuzi amezaa anakuambia kwamba yuko hai, yuko nyumbani, mbuzi hajaibiwa, na usiku ulipita salama. Kwetu sisi hiyo ni habari kubwa.

Mzee mmoja pale benchini hakukubali. Alisema afadhali wafunge, kwa sababu uongo wa kwenye simu unaua watu. Hatukumcheka. Kwetu tumeona meseji moja ya uongo ikitoa kijiji kizima mbio usiku. Lakini tulimjibu kwa heshima: baba, walipofunga, uongo haukufungwa. Ulipita kwa midomo, na ukweli ukakosa njia ya kuufuata. Kilichokufa kwanza ni "mko bazima". Na si Kongo peke yake. Uganda ilifunga intaneti Januari 2021, jioni kabla ya kura, karibu siku tano. Wenye jamaa Nakivale wanakumbuka zile siku.

Kuna kitu kimoja zaidi. Zamani kabla ya simu, na mpaka leo, Msalaba Mwekundu unapeleka ujumbe wa karatasi kwa familia zilizopotezana. Ujumbe ule unaandikwa wazi, na sheria yake ni moja: habari za familia tu. Hakuna siasa, hakuna jeshi. Yaani zikibaki nafasi ya mistari michache tu, wenye kazi hiyo wamechagua kubeba nini? Wamechagua masolo ya nyumbani: nani amezaliwa, nani amepona, nani anasoma darasa la ngapi.

Kwa hiyo, kwa familia zetu, tunashauri mambo machache. Andikeni namba za jamaa kwenye daftari, kwa kalamu, maana simu inazimika na kuibiwa. Watoto wajue namba moja kwa kichwa. Pangeni siku moja ya wiki ya kusalimiana, hata kwa maneno mawili, ili aliyekaa kimya ajulikane mapema. Mtandao ukifungwa, pigeni kwa sauti, fupi, na sikilizeni redio. Na kabla ya kutuma mbele meseji ya kuogopesha, ulizeni: nani aliona kwa macho, wapi, siku gani? Kama hakuna jibu, iishie kwenye simu yako. Aliyepoteza jamaa kabisa, aulize watu wa Msalaba Mwekundu wakija kambini.

Tulitoka Mbugangari jua likizama upande wa Goma. Mwenzetu alikuwa na mega kidogo zimebaki. Tulidhani ataangalia matokeo ya mpira. Aliandika kwa mama yake mdogo, ng'ambo kule: "Mko bazima?" Tulingoja naye. Jibu lilichukua muda, tukakaribia kukosa gari.

Likafika: "Tuko. Na wewe umekula?"

Mwezi ujao tuleteeni yenu. Hata ya mbuzi.