Ndoo Yangu ya "Farm Fresh" Haijawahi Ona Ng'ombe

Wasee, leo wacha nikiri. Ile ndoo nyeupe ya mabati yenye maandishi meusi "Farm Fresh Milk", ile wengi wenu mlisave video yake, haijawahi ona ng'ombe. Niliinunua Gikomba 250, ikiwa na tundu moja karibu na mshono na kutu chini yote. Nikaipaka rangi kwa balkoni yangu, ambayo ukitandika mkeka mmoja imeisha. Nikaiuza 1,800. Mteja akafurahi, nami nikafurahi zaidi juu ilikuwa tarehe 3 na landilodi alikuwa ashaanza kunisalimia kwa jina.

Lakini kuna part nilikata kwa video.

Nilipokuwa napiga msasa chini ya ndoo, kutu ikitoka, nikaona vitone. Vitone vimepigwa na msumari, kimoja kimoja, vimepangwa vizuri hadi vikatengeneza herufi mbili: W.N. Kama umelelewa na mama Mkenya hauhitaji kuelezwa hiyo ni nini. Kukiwa na matanga, ruracio ama harambee, vyombo vya mtaa mzima vinakutana kwa boma moja. Sufuria, ndoo, karai, thamosi, zote zinafanana. Sherehe ikiisha, kila mtu anapindua chombo aone chini kama ni chake. Mathee wangu hutumia kyutex nyekundu. Shosho alikuwa mtu wa msumari na nyundo, juu kyutex inatoka ukisugua na jivu.

Kwa hivyo hiyo ndoo ilikuwa na mwenyewe. Ilienda sherehe za watu, ikarudi nyumbani. Kuna mama alikaa chini na msumari akaipiga jina akiwa na hakika ataihitaji miaka mingi.

Na mimi nikafanya nini? Msasa hautoi shimo la msumari, so nikajaza zile herufi na puti, nikalainisha, nikapaka rangi mara mbili. Ikakauka. Halafu, na hapa ndio hunisumbua, nikachukua msasa tena nikakwangua kingo kidogo kidogo ndio ndoo ikae mzee. Nilifunika uzee wa ukweli ndio nibandike mwingine wa uongo. Mteja akaniuliza, "Lakini ni ya zamani kweli?" Nikamwambia eeh, kabisa. Sikudanganya. Lakini ushahidi nilikuwa nimeuzika mimi mwenyewe chini ya puti.

Maoni yangu, na najua nitachapwa kwa comments: hii "vintage" tunauza si yetu, na haitakuwa yetu mpaka tuache kuficha vitu zetu.

Angalia mahali ilitoka. Mwaka wa 1989 Rachel Ashwell alifungua duka lake la Shabby Chic huko Santa Monica, Marekani, fanicha nyeupe zilizochakaa kwa ustaarabu. Mwaka uliofuata, Annie Sloan akatoa Chalk Paint yake Uingereza, ile rangi isiyong'aa, inayokwanguka vizuri. Halafu 2013 Joanna na Chip Gaines wakaanza kipindi cha Fixer Upper kutoka Waco, Texas, na ghafla kila mtu anataka nyumba ikae shamba. Sina shida na wao. Wanacheza na kumbukumbu za kwao. Sasa mimi, maziwa kwa shosho ilienda dairy kwa mkebe wa alumini, na ya nyumbani ilikaa kwa mkebe wa Kimbo. Hakuna mtu aliwahi andika "fresh milk" kwa chombo. Ng'ombe alikuwa hapo, unamwona.

Najua kuna mse tayari anaandika: "Lakini mwenye ndoo si aliiuza mwenyewe?" Ni kweli. Pengine W.N. alinunua ya plastiki na hana time na hii hadithi yangu. Pia sijasema mtu aache biashara, kwangu hii ndio inalipa kodi. Nitaendelea kupaka. Nimebadilisha tu venye napaka.

Na juu DM yangu imejaa "mbona rangi yangu inabambuka," wacha niwasaidie. Ndoo ya mabati imepakwa zinki ndio isishike kutu haraka. Ukiweka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki, zinagombana pole pole, na katikati kunatengenezeka kitu kama sabuni. Miezi michache, rangi inatoka kama ngozi ya viazi vilivyochemshwa. Shida si brashi yako. Osha ndoo na sabuni itoe mafuta, ipanguse na siki, suuza, iache ikauke kabisa, piga msasa mwepesi, kisha uende hardware uitishe praima ya mabati. Usikubali "hii ni sawa tu". Juu yake weka rangi ya maji. Ukitaka ile sura ya chaki, changanya rangi ya maji na jasi kidogo, na ufanye haraka kabla haijashika. Ukipata ndoo yenye rangi ya zamani, usiisugue ikiwa kavu. Rangi nyingi za kitambo zilikuwa na risasi, na hiyo vumbi hutaki kwa mapafu yako ama ya mtoto wa jirani. Lowesha, vaa maski. Na hiyo ndoo ni ya maua, si ya kuweka maji ya kunywa.

Siku hizi chini siguzi. Nasafisha kutu, napaka vanishi, herufi zinabaki. Huku juu nimeacha stenseli za Kizungu. Kuna fundi wa mabango mtaani, yule huandika "Hoteli" na "Kinyozi" na vivuli vyekundu nyuma ya kila herufi. Nilimpelekea ndoo aniandikie "MAZIWA LALA". Wasee! Mkono wake hautetemeki. Nilimlipa alichosema, sikubargain, na hiyo ndoo ilienda kwa siku mbili.

Hapo kwa kubargain pia nina neno. Kuna creators wenzangu wananunua ndoo mpya Kamukunji, kwa wale mafundi wa jua kali, wanaimwagia chumvi na siki ishike kutu, halafu wanaipost "antique". Na kabla ya hapo walikuwa wamemshusha fundi bei hadi amekosa ya lunch. Fundi amekata bati, amekunja mshono kwa nyundo, masikio yanalia siku nzima. Ndoo mpya si aibu, bana. Andika "mpya, imetengenezwa Kamukunji" na uone kama watu hawatanunua. Mimi nimejaribu na tatu. Mbili zimeenda, ya tatu iko hapa na mmea wangu ambao unakufa kwa sababu zingine.

Yule mteja wa "Farm Fresh" nilimwandikia wiki iliyopita. Nikamweleza kuhusu W.N., nikamwambia akitaka naweza kuja kwake na msasa nitoe ile puti bure, na kama hataki ndoo tena nitamrudishia pesa yake, hata kama ni kwa awamu mbili.

Aliona Jumatano. Hajajibu.