Tumbo Linalouma Siku ya Hesabu

Safari hii hatutazungumza juu ya surua wala uji wa lishe. Tungependa kuzungumza juu ya ugonjwa ambao hauonekani kwenye darubini, nao huwapata watoto wetu wakingali wadogo: hofu ya hesabu.

Mama mmoja wa hapa Bilele alituletea binti yake wa miaka minane, mwanafunzi wa Darasa la Pili. Mtoto alikuwa akilalamika tumbo karibu kila asubuhi, na mama alikuwa amekwisha kumpa dawa ya minyoo mara mbili bila nafuu. Tulimlaza, tukampapasa tumbo, tukampima joto, choo, mkojo na malaria. Vyote vilikuwa safi. Ndipo tulipomwuliza mtoto mwenyewe, taratibu, "Jumamosi huwa linauma?" Akatikisa kichwa. "Na Jumapili?" Hapana. "Linauma zaidi siku gani?" Akamtazama mama yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Siku tukianza na hesabu."

Mama akacheka. "Sista, waitu, huyu amenifuata mimi. Ukoo wetu hesabu hazipandi kabisa." Alisema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini tulimwona mtoto akiinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kusomewa hukumu.

Kabla hatujaendelea, tuonyane jambo moja. Tumbo linalouma mara kwa mara lipimwe kwanza. Asiwepo mama atakayesoma ukurasa huu akasema nyumbani, "Ah, huyu anakwepa shule tu." Na hata vipimo vikiwa safi, mtoto haigizi. Hofu huuma tumbo kweli.

Hofu hii si ya nyumba moja. Kuanzia mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapima watoto kusoma na kufanya hesabu za kiwango cha Darasa la Pili, wakawakuta wengi waliofika madarasa ya juu bila kuziweza. Mwaka 2015 serikali ilibadili mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ili mkazo uwe kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hata hivyo, katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, ni takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu Hisabati. Hebu tujiulize, je, Mungu aliwaumba wanne kati ya watano bila akili? Hapana. Wengi walikata tamaa mapema, na mara nyingine sisi mama zao ndio tuliowaambia kwamba hesabu ni za watu wengine.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ulimi wetu. Tuache kusema mbele ya mtoto, "Hata mimi zilinishinda." Tunadhani tunamfariji, kumbe tunamrithisha. Tena mama anayesema hivyo anasema uongo bila kujua. Anajua chumvi ya sufuria ya watu kumi. Anajua shilingi 10,000 atakayoenda nayo sokoni itagawanyikaje kati ya dagaa, mafuta na sabuni. Hizo ni hesabu. Badala yake tumwambie mtoto, "Bado hujaijua. Tukae tuitazame pamoja."

Dawa ya pili ni vitu vya kushika. Mtoto mdogo huhesabu kwa mikono kabla ya kuhesabu kwa kichwa. Yule binti, tulipompa 13 kutoa 5, aliingiza mikono chini ya meza. Baada ya muda machozi yakamtoka, akasema, "Vidole vimekwisha." Alikuwa ameaminishwa kwamba kutumia vidole ni aibu, na tena vidole ni kumi, naye alihitaji kumi na tatu! Tulimpa vizibo vya soda, tukaviweka kumi upande mmoja na vitatu upande wa pili. Toa vile vitatu kwanza. Bado ngapi za kutoa? Mbili. Zitoe kwenye kumi. Akabaki anavitazama, halafu akasema, "Nane." Alisema kwa mshangao, kana kwamba ameiokota.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kumi na tatu hujieleza yenyewe: ni kumi, na ni tatu. Lakini maneno ishirini, thelathini na arobaini hayajielezi, ndiyo maana watoto wengi hupotea hapo. Bibi zetu wakihesabu kwa Kihaya hutaja makumi mawili na makumi matatu. Tufanye hivyo hivyo. Mtoto akisema ishirini na nne, mwulize, "Yaani makumi mangapi na mamoja mangapi?"

Dawa ya tatu ni swali. Tumezoea kuuliza, "Jibu ngapi?" Likiwa si sahihi tunagomba, na pengine mkono unatangulia. Tujizoeze kuuliza, "Umepataje?" Tuuulize hata jibu likiwa sahihi, ili mtoto asidhani kuulizwa ni kukosolewa. Chukua mfano wa 42 kutoa 17. Watoto wengi huandika 35. Ukigomba hutajua kitu. Ukiuliza, atakuambia, "Mbili haiwezi kutoa saba, kwa hiyo nimefanya saba kutoa mbili, nikapata tano. Kisha nne kutoa moja ni tatu." Kumbe mtoto alikuwa anafikiri! Amekosa hatua moja tu.

Mpe basi vijiti 42. Avifunge kumi kumi kwa kamba za migomba, apate mafungu manne na vijiti viwili. Anatakiwa kutoa saba, naye anavyo viwili vilivyo huru. Afanyeje? Mwache afikiri. Mara nyingi atafungua fungu moja mwenyewe. Sasa ana mafungu matatu na vijiti 12. Atoe saba, vibaki vitano. Atoe fungu moja la kumi, yabaki mafungu mawili. Jibu ni 25. Mtoto aliyefungua fungu kwa mikono yake ataelewa mwalimu anaposema ubaoni kwamba tumekopa kumi.

Dawa ya nne ni muda mfupi wa kila siku. Dakika kumi zinatosha, wala hazihitaji pesa ya tuisheni. Sisi wa Kagera tuna ndizi za kumenya kila siku. Mkungu una chane, na chane ina ndizi. Chane tatu zenye ndizi 12 kila moja ni ndizi ngapi? Tuko watu sita, kila mmoja ale ndizi nne, tumenye ngapi? Tukimtuma dukani, tumwulize kabla hajaondoka chenji itakuwa kiasi gani, na akirudi aihesabu mwenyewe mezani. Lakini tusimwulize akiwa na njaa au usingizi, wala mbele ya wageni ili tumwonyeshe. Na tuishie kwenye swali aliloliweza, siyo lile lililomliza.

Dawa ya tano ni kuzuia kicheko nyumbani. Kaka anayejibu haraka asiruhusiwe kumcheka mdogo wake. Kicheko kimezima maswali ya watoto wengi. Katika somo lililo jirani na hesabu, yaani fizikia, nchi yetu ina ushuhuda wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friza yangali moto, akayakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa moto. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasani wakawa wanamcheka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuacha kuuliza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam aliyefika kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka tena, lakini mgeni yule alikwenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Je, kama angenyamaza siku ile ya kwanza alipochekwa?

Akina mama, sisi wenyewe tunaoandika haya tuliogopa hesabu. Chuoni, ilipofika zamu ya kukokotoa dripu, tulikuwa tukijificha nyuma ya migongo ya wenzetu. Mwalimu wetu hakutucheka. Alitupa saa ya mkono na chupa ya maji, akatuambia tuhesabu matone. Mililita 500 ziishe kwa saa nne, na mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita. Hayo ni matone 10,000 kwa dakika 240, yaani takriban matone 42 kwa dakika. Tulipoyaona yakidondoka, tarakimu zikawa maji, na maji yakawa mgonjwa anayetusubiri. Tangu siku ile tunajua kwamba hesabu ni njia mojawapo ya kumpenda jirani.

Maandiko nayo hayazidharau hesabu. Katika Luka 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kukaa kwanza na kupiga gharama. Katika Yohana 21, wavuvi waliovuta wavu ufukweni walipata samaki 153. Kumbukeni kwamba Bwana alikuwa amesimama pale pale, na muujiza umetendeka. Bado samaki wakahesabiwa! Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tunaelewa kwa nini.

Na baba wa watoto asiachwe nje. Wapo akina baba wanaokagua daftari mwisho wa muhula tu, tena wakiwa na fimbo. Tuwaombe kwa heshima wachukue zamu moja kwa juma, hata kama ni kucheza bao na mtoto, maana bao lote ni kuhesabu. Mwalimu naye tumwendee kwa adabu, tumwulize mtoto amekwama wapi, siyo amekuwa wa ngapi.

Mtapenda kujua habari za yule binti. Mama yake alifanya zile dakika kumi jioni, wakimenya ndizi, kwa muda wa muhula mmoja. Hatutawadanganya kwamba amekuwa wa kwanza. Katika jaribio la mwisho alipata 12 kati ya 20. Lakini tumbo limeacha kuuma, na mwalimu wake anasema sasa huinua mkono, hata siku ambazo hakosi kukosea.

Mama mwenyewe alitueleza jambo jingine akiwa amesimama mlangoni, tayari kuondoka. Kwa miaka mingi daftari lake la kikoba alikuwa akiandikiwa na jirani, naye alitia sahihi tu. Mwezi uliopita aliketi na binti yake, wakajumlisha hisa zake wenyewe, makumi kwa makumi na mamoja kwa mamoja. "Sista," alisema, "tulirudia mara tatu. Lakini tulipata."

Jioni ya leo, utakapokaa kumenya ndizi, mwite mtoto wako akae karibu. Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.