Kuazima Mtindo Si Kuiba Wimbo

Kijana wa Kyela akitoa wimbo wa gita, husemwa upesi kuwa ameiga. Nazijibu hoja za wasemao hivyo moja moja, kwa kuwa zinawavunja moyo wapigaji na kuwaficha wezi halisi.

“Gita ni la wageni, chetu ni ngoma.” Ngoma nazo ziliazima. Mganda na malipenga ya mwambao wa Ziwa Nyasa yalitokana na kuiga bendi za matarumbeta na gwaride za askari wa kikoloni. Wazee hawakuwa na tarumbeta za shaba. Walichukua vibuyu, wakavitia utando wa buibui ili sauti ivume. Leo nani atathubutu kuyaita malipenga ya kigeni?

“Dansi letu ni nakala ya Kongo.” Wakongo wenyewe walijifunza kwenye santuri za Kyuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933. Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha chanzo: bendi yake iliitwa Cuban Marimba. Hata hivyo aliimba Kiswahili, kwa mambo ya hapa. Baada yake Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz akalipiga gita la solo hivi kwamba unamtambua kabla hajafungua kinywa.

“Kompyuta imeua ubunifu.” Enzi za Redio Tanzania, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, akikosea mmoja, wote walirudia. Ugumu huo ulijenga nidhamu, lakini haukumpa mtu wimbo asiokuwa nao. Leo anayenunua biti iliyokwisha kutengenezwa na kuiacha ilivyo atafanana na wenzake. Anayerekodi vidole vyake mwenyewe kwenye kompyuta hiyohiyo hatafanana nao.

“Kama kila mtu huazima, basi hakuna wizi.” Wizi upo. Rumba haina mwenyewe, lakini tuni ya mtu, mashairi yake na sauti aliyorekodi vina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda utunzi, si mtindo. Tena inalinda sanaa za jadi. Prodyuza anayechukua ing'oma, ngoma ya jadi ya Kyela, na kuiuza anapaswa kuomba idhini na kutaja ilikotoka.

Tumuulize kila mpigaji: ulichukua wapi, umeongeza nini, umemtaja nani? Majibu yake ndiyo yatakayomtenga mwanafunzi na mwizi.