Sanaa, Simu na Vumbi la Migodi



Wako wanaosema kwamba sanaa ni mchezo wa wenye nafasi, na kwamba afya ni shauri la waganga na wakubwa wa serikali peke yao. Sisi tunaolea vijana katika katekesi na madarasani hatukubali neno hilo.

Tutazame simu mliyo nayo mkononi. Betri yake yaweza kuwa na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika udongo wa Kongo yetu. Ufundi unaofurahiwa mbali huanza huku, kwa koleo, kwa jasho na kwa vumbi. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanyika Lubumbashi: hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilionekana kuwa kubwa zaidi pale baba yake alipofanya kazi ya migodi. Lakini ni mama gani wa Kikula au wa Panda atakayesoma jarida hilo? Habari inayomhusu imeandikwa kwa lugha asiyoijua.

Hapo ndipo sanaa ina kazi yake. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu, akaieleza kwa Kiswahili cha Katanga, na hata asiyejua kusoma aliweza kuiona. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitumia kompyuta kuunganisha picha za kale za wafanyakazi wa migodi na picha za viwanda vilivyochakaa leo. Hakuongeza maneno mengi. Aliwarudisha watu mahali waliposahauliwa. Chombo kikitumiwa na mwenye moyo, huwa macho ya wengi.

Mtu atasema: picha haimponyi mgonjwa. Ni kweli. Lakini wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Ugonjwa usioonekana hauandikiwi fedha. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya; na sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni zitoe angalau 0.3% ya mapato yao ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazowazunguka. Haki iliyoandikwa hulala kitabuni mpaka watu waiulizie.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, igizeni na kuchora yale ambayo muuguzi wa kituo cha afya angependa kila nyumba ijue: nguo za mgodini zisiingizwe chumbani kwa mtoto, na mwenye mimba asikose kupimwa. Pili, msimpige picha mtoto mwenye mateso ili mpate sifa katika simu. Heshima yake ni kubwa kuliko huruma ya wapita njia. Tatu, mkimaliza mchezo, waalikeni wakubwa wa mtaa na mwulize kwa adabu, mbele ya wote, fedha hizo za jamii zimejenga nini.

Kipaji alichowapa Mungu hakikutolewa kwa ajili ya kupamba sikukuu tu. Kiwe pia sauti ya jirani anayekohoa usiku na hana wa kumsemea.