Mpole wa Sirari, Mkali wa Isebania

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam kesi hii ilishahukumiwa zamani: Mkenya ni mkali, mjanja, mwenye uchu wa pesa, Mtanzania ni mpole na mstaarabu, ila mzito wa kazi. Nairobi wanasoma hukumu ileile, wanachotofautiana ni kipengele cha kuchekea. Mganda, Mnyarwanda na Mkongomani nao kila mmoja ana faili lake. Haya husemwa kwa uhakika wa mtu anayetaja siku za wiki, na ni nadra msemaji kuulizwa ameyapima wapi.

Yamepimwa, na yameanguka. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Antonio Terracciano na Robert McCrae katika jamii 49 za mabara mbalimbali. Watu karibu 4,000 waliulizwa raia wa kawaida wa nchi yao ana hulka gani: mchangamfu au mkimya, mwenye bidii au mzembe, mwema au mgomvi. Majibu yao yakalinganishwa na vipimo vya haiba vya watu halisi wa nchi hizohizo. Kama sifa za mataifa zingekuwa na ukweli ndani yake, picha hizo mbili zingefanana. Hazikufanana. Wacheki waliliona taifa lao kuwa la wagomvi, lakini mmoja mmoja walipopimwa wakakutwa wanyenyekevu na wenye kujali wenzao. Wahindi walijiona watu wa kupenda mambo mapya. Vipimo vikasema wanashikilia mazoea kuliko wengi. Wakanada walijisifu kwa upole na Wamarekani kwa ubabe, ilhali haiba zao zilikaribia kuwa sare.

Afrika Mashariki haihitaji hata dodoso. Inatosha kwenda mpakani. Mstari unaotenganisha Kenya na Tanzania ulianza kuchorwa Ulaya, kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na hadi leo unawapasua Wadigo, Wamasai, Wajaluo na Wakurya. Mkurya wa Isebania ni Mkenya, wa Sirari ni Mtanzania, na miji hiyo miwili imepakana. Wanaoana, wanazikana, wanauziana ng'ombe na mahindi. Kwa mujibu wa kijiwe, huyu wa kusini kazaliwa mpole na binamu yake wa kaskazini kazaliwa mkali. Kichekesho zaidi, Mtanzania huyohuyo anayeusifia upole wa taifa lake atakwambia, bila hata kumeza mate, kuwa Wakurya wa Tarime ni wakali na ndiyo maana wamejaa jeshini. Upole wa taifa unaishia wapi basi, Bunda?

Sifa hizi zina tarehe ya kuzaliwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania ilishika ujamaa na Kenya ikabaki na ubepari wake. Kufikia miaka ya 1970 wanasiasa na magazeti walikuwa wakirushiana maneno. Upande wa Tanzania, mabepari wa jirani waliitwa manyang'au na Kenya ikaelezwa kuwa nchi ya mtu kumla mtu. Charles Njonjo, mwanasheria mkuu wa Kenya, akajibu kwamba huko Tanzania mtu hana hata cha kula. Mwaka 1977 Tanzania ikafunga mpaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Ugomvi wa sera uliisha. Matusi yake yakarithiwa na watoto kana kwamba ni elimu ya viumbe.

Na sifa hugeuka bila damu kugeuka. Sidney Gulick, mmisionari wa Kimarekani aliyeishi Japan miaka mingi, aliandika mwaka 1903 kuwa Wajapani wengi huonekana wavivu na wasiojali muda. Leo nani atamwamini? Wajapani hawakubadilishiwa ubongo. Viwanda viliongezeka, na kengele ya kuingia kazini ikalia kila asubuhi.

Wapinzani wana hoja, na isikwepwe. Steven Heine wa Chuo Kikuu cha British Columbia na wenzake walisema mtu anayejipima hujilinganisha na majirani zake, hivyo aliyezungukwa na wachapakazi hujiona mzembe. Kweli, katika utafiti wa mataifa 56 uliochapishwa 2007, Wajapani walijipa alama za chini kabisa za bidii na nidhamu, na ukanda wa Afrika, Tanzania na Kongo zikiwamo, ukawa juu. Huenda rula hiyo imepinda. Lakini kama rula ya wanasayansi imepinda, ya kijiwe iko wapi? Heine alipendekeza vipimo vingine: mwendo wa watu barabarani, kasi ya makarani wa posta, usahihi wa saa za ukutani. Hivyo vinapima jiji na uchumi wake. Mpeleke mzembe wa Dar es Salaam Zurich, ambako treni haimsubiri mtu, uone kama hatawahi.

Kinachotudanganya mara nyingi ni adabu ya kusema. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster walichambua jumbe za Twitter zipatazo milioni 40 na kukuta Wakanada wanatumia maneno laini kuliko Wamarekani, watu walewale ambao haiba zao hazitofautiani. Ndivyo Mkenya anayesema "nipe chai" mgahawani Moshi anavyoonekana ametukana, kumbe kwao hiyo ni kauli ya kawaida kabisa.

Ingekuwa utani tu, ungeachwa uendelee. Lakini wapo waajiri wa hoteli na shule wanaomchagua Mkenya kwa imani kwamba uchangamfu uko kwenye pasipoti, na wapo vijana wa Kitanzania wanaoingia kwenye usaili wakiwa wameshakubali kuwa taifa lao ni zito. Huyo kijana apewe kazi ya siku moja, apimwe kwa alichofanya. Na wewe msomaji, ukisikia tena "Wakenya ndivyo walivyo", muulize msemaji anamzungumzia yupi: mvuvi wa Lamu, mfugaji wa Lodwar, au yule Mkurya wa Isebania aliyeoa Sirari?