Fomu isiyopita ku simu ni mulango uliofungwa



Kila siku tunaambiwa: «Kila kitu kiko ku intaneti, mujaze tu fomu.» Kazi, bursi, kujiandikisha ku univerisite. Sawa. Lakini toka Bunia mpaka Lubumbashi, wengi wetu hatuna ordinatere. Tuko na simu, tena ya feza kidogo. Na fomu nyingi zinajaribiwa ku ordinatere ya biro tu. Kijana anabonyeza «Envoyer», kimya. Mega zimeisha, tarehe imepita. Kisha wanasema vijana hawaleti dosye!

Si uvivu. Ni makosa ambayo watengenezaji wa kurasa wanayajua:

– Opera Mini, ikibana data kabisa, inaacha JavaScript ifanye kazi ku mashine za mbali, kwa muda mufupi sana. Fomu inayotegemea JavaScript peke yake inaweza kukwama.

– Simu ya memori ndogo: ukifungua kamera toka ndani ya fomu ili upige picha ya diploma, Android inaweza kufunga ukurasa ili ipate nafasi. Ukirudi, fomu iko tupu.

– Namba ya simu ikichukuliwa kama hesabu, sifuri ya mbele inapotea. 099 inakuwa 99. Jibu litakufikia namna gani?

Dawa iko, na haiombi feza nyingi. Fomu itumike hata bila JavaScript. Namba ya simu ichukuliwe kama maandishi. Yaliyoandikwa yabakie ku simu mpaka yatumwe. Mutu akibonyeza mara mbili, dosye ihesabiwe moja. Na kila aliyetuma apate ushuhuda kwa SMS.

Tukingojea, tujisaidie: andika majibu pembeni kwanza, halafu uyabandike. Piga picha mbele ya kufungua fomu, kisha uichague ku galeri. Zima kubana data. Ukimaliza, piga picha ya kioo na uichunge.

Lakini hiyo ni mbinu, haiko haki. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu 2023. Itatusaidia nini kama mulango wenyewe haufunguki ku simu ya mwananchi?

Kwa hiyo tunaomba kila serevisi ya serikali na kila shule inayofungua fomu:

1. Iijaribu ku simu ndogo, na konekisyo ya polepole, mbele ya kuitangaza.
2. Ipokee dosye ya karatasi pia.
3. Iongeze siku kama fomu imekwama.

Na wewe, ndugu, usinyamaze. Fomu ikikataa, andika saa, aina ya simu na programu uliyotumia, utumie wenye fomu, ubakie na kopi. Malalamiko yenye ushuhuda ni nguvu.

Haki ya mwananchi haipimwe kwa bei ya simu yake!