DC Yupi? DC Ipi?

Wapenzi wa lugha, nina herufi mbili za kuzishitaki kwenu: D na C.

Sisi wa Kaengesa tunakaa kando ya barabara kuu ya Sumbawanga na Tunduma. Ukimtaka Mkuu wa Wilaya, unapanda gari la Sumbawanga mjini. Ukiitaka Halmashauri ya Wilaya, unapanda gari la Laela, upande wa pili kabisa. Wa kwanza ni mtu aliyeteuliwa na Rais. Ya pili ni chombo chenye madiwani waliochaguliwa na wananchi. Wote wawili huandikwa DC.

Jirani yangu, katibu wa kikundi cha wanawake, aliletewa karatasi yenye maneno manne: “Fomu ipelekwe DC Ijumaa.” Ilikuwa fomu ya mkopo utokanao na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Akaja kuniuliza. Mimi, niliyefundisha Kiswahili hadi kustaafu, nikamjibu bila kusita: “DC ni Mkuu wa Wilaya, mama.” Akaenda Sumbawanga. Alipofika Laela ilikuwa Jumatatu, na muda ulikuwa umekwisha.

Tangu siku hiyo nimejiuliza lugha yetu ilikuwa wapi. Jibu ni kwamba ilikuwapo, ila haikupewa nafasi. Tunaposema “DC amefika,” ni mtu. Tunaposema “DC imetenga fedha,” ni halmashauri. Upatanisho wa ngeli hutenganisha kile ambacho herufi zimekichanganya. Lakini “ipelekwe DC” hufuata fomu, wala haisemi lolote juu ya DC yenyewe.

Wapo watakaosema muktadha hutosha. Muktadha humsaidia anayejua tayari. Kijana aliyetoka JKT, akisikia CO, humwona mkuu wa kikosi. Mgonjwa aliye zahanati humwona tabibu. Mwanafunzi wa kemia huiona hewa ya sumu itokayo kwenye jiko la mkaa. Kila mmoja ana hakika, kama nilivyokuwa na hakika mimi.

Sipingi ufupisho. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1964. JKT na JWTZ ni vifupisho vilivyozaliwa na maneno yetu wenyewe, na mtoto wa shule huweza kuvifumbua. Washairi nao hufupisha. Anayeandika “nilokwambia” badala ya “niliyokwambia” hupunguza mizani, lakini sikio halipotezi maana. Hiyo ndiyo inkisari halali: hukata silabi, haimkati msikilizaji.

Ombi langu kwa waandishi wa barua za umma ni dogo. Andikeni kwanza “Mkuu wa Wilaya” au “Halmashauri ya Wilaya” kwa ukamilifu, na mahali ofisi ilipo; kisha fupisheni mpendavyo. Wino utakaotumika hauwezi kufikia nauli ya mama yule.

Nasi tuitwao walimu, tukiulizwa maana ya herufi mbili, tujifunze kuuliza kwanza: DC yupi? DC ipi? Mimi nimejifunza nikiwa nimechelewa, na gharama yake aliilipa mwingine.